Siku ya Kliniki Isiwe Mwisho wa Kibarua



Wazee wetu walisema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Sisi tunaoishi katika kata ya Mafiga, chini ya milima ya Uluguru, tunalikumbuka neno hilo kila tunapolitaja jina la mahali petu. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Likiondolewa moja, chakula humwagika na moto huzimika. Riziki ya mfanyakazi nayo imeinjikwa juu ya mafiga matatu: nguvu za mwili wake, kazi anayoipata, na jamii inayomzunguka pamoja na sheria zake. Katika makala haya tunataka kumtetea mtu ambaye figa lake la kwanza, yaani afya, limelegea, na ambaye kwa sababu hiyo hiyo sisi wenzake humnyang'anya na la pili. Mtu huyo ni kibarua mwenye ugonjwa wa kudumu.

Ni nani tunayemsema?

Alfajiri, kabla ukungu haujaondoka mlimani, watu wengi wa Mafiga wamekwisha kutoka majumbani mwao. Wapo akina saidia fundi wanaokwenda penye ujenzi Kihonda na Mkundi. Wapo wabeba mizigo wa sokoni na wa stendi ya Msamvu. Wapo akina mama wanaofua nguo katika nyumba za watu kwa nusu siku, na wengine wanaoosha vyombo kwa mama lishe hadi saa nane mchana. Wapo walinzi wa zamu na vijana wanaokwenda kukata miwa wakati wa msimu katika mashamba ya Kilombero na Mtibwa. Hawa wote wana kazi, lakini kazi hiyo haina kesho. Hupatikana kwa siku, kwa juma au kwa msimu, na aghalabu bila karatasi yoyote.

Haikuwa hivyo daima. Mji wetu uliwahi kuitwa mji wa viwanda, na baba wengi walijenga nyumba na kusomesha watoto kwa mshahara wa mwezi. Kiwanda cha Viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kilifungwa mwaka 1990 bila kufikia hata sehemu ndogo ya uzalishaji uliotarajiwa. Vingine vilibinafsishwa au kufungwa katika miaka iliyofuata. Watu hawakuacha kufanya kazi. Walihamia katika vibarua.

Neno hili nalo lina historia. Kibarua maana yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi. Katika mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni, manamba alikuwa na kipande chake, akatiwa alama kwa kila siku aliyomaliza kazi, na ujira ukalipwa alama zilipofika 30. Siku ya homa haikutiwa alama. Ukoloni umepita, wala kipande hakipo tena, lakini hesabu ile imebaki: siku uliyokuja ni siku, na siku uliyougua si kitu.

Ugonjwa wa miaka katika kazi ya siku

Zamani tulipotaja ugonjwa tulifikiri malaria: mtu hulala siku tatu, hunywa dawa, huinuka. Leo nyumba nyingi zina ugonjwa wa namna nyingine, ugonjwa usioondoka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliofanywa miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba takribani mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na takribani 9 kati ya kila 100 wana kisukari. Tuongeze pumu, selimundu, kifafa na virusi vya UKIMWI. Tuongeze pia kifua kikuu, ambacho huponyeka, lakini kwa kumeza dawa kwa miezi 6 bila kukatiza. Wanaodhani kwamba kisukari na presha ni maradhi ya matajiri wakaketi asubuhi moja penye foleni ya kituo chochote cha afya, waone waliomo.

Magonjwa haya hayamzuii mtu kufanya kazi, mradi ayatunze. Katika mkoa wetu wenyewe tunao ushahidi wa jambo hilo. Huko Mahenge, mganga Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa yapata mwaka 1960. Aliwakuta watu waliotengwa na ndugu zao, wakiogopwa kana kwamba wamelaaniwa. Walipoanza kutumia dawa kila siku, mianguko ilipungua kwa wengi wao, na waliokuwa mzigo nyumbani wakarudi kushika jembe. Basi ugonjwa wa kudumu usihesabiwe kuwa ni ulegevu wa kudumu. Kinachohitajika ni dawa isiyokatika na siku ya kuifuata dawa hiyo.

Hapo ndipo mgogoro unapoanza. Kliniki huwa siku ya kazi, tena asubuhi, saa ile ile ambayo msimamizi wa ujenzi anahesabu watu wake. Mwenye mshahara wa mwezi huaga ofisini, huenda, hurudi. Kibarua akienda kliniki, mtu mwingine huchukua koleo lake, na kesho yake huambiwa kwamba nafasi imejaa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kibarua analipwa shilingi 10,000 kwa siku, naye ana siku moja ya kliniki kila mwezi. Kwa mwaka atapoteza shilingi 120,000. Hasara hiyo ni kubwa, lakini yaweza kubebwa. Sasa tuseme kwamba kila anapokwenda kliniki hupoteza nafasi yake, akatafuta kazi nyingine kwa siku tatu zaidi. Sasa amepoteza siku nne kila mwezi, yaani shilingi 480,000 kwa mwaka. Kumbe kinachomfilisi si ile siku ya kliniki yenyewe. Ni kunyimwa nafasi ya kurudi.

Kwa hiyo kibarua hufanya uamuzi ambao sisi tulioshiba huuita uzembe. Huacha kliniki. Hugawa vidonge vya mwezi mmoja ili vifike miezi miwili. Huficha dawa zake chini ya nguo ndani ya mfuko ili nyapara asizione. Mwenye kisukari hula kwa kuchelewa kwa sababu anaogopa kuomba kupumzika. Mwenye kifua kikuu hukohoa pembeni na kusema ni vumbi la saruji, kwa maana hajui kwamba mgonjwa atumiaye dawa ipasavyo, baada ya majuma machache, kwa kawaida haambukizi tena wenzake. Na yule aliyeficha ugonjwa kwa kuogopa kupoteza kazi hatimaye hupoteza vyote viwili.

Ungamo letu

Tusingethubutu kuyasema haya kwa wengine kama tusingeyasema kwanza juu yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia moja tuliyokuwa tukiihudumia, tulikuwa tunajenga ukumbi. Miongoni mwa waliobeba maji na mchanga alikuwamo mama mmoja mjane mwenye presha. Mwezi wa kwanza alikwenda kliniki, akarudi kesho yake akakuta mwingine amewekwa mahali pake. Akasubiri juma zima ndipo akarudishwa. Tangu siku hiyo hakwenda tena. Hakuna aliyemkataza, na hakuna aliyemuuliza. Sisi tulipita pale kila asubuhi tukamsalimu, naye akatuitikia kwa furaha.

Mwezi wa nne alianguka akiwa na ndoo kichwani. Alipozinduka hospitalini, mkono na mguu wa upande mmoja havikumtii tena. Parokia ilihuzunika sana. Tulitangaza mchango baada ya Misa, waamini wakatoa kwa ukarimu, WAWATA wakampelekea unga, mafuta na kanga. Tulijiona tumetenda mema, na kweli yalikuwa mema. Lakini usiku dhamiri ilituuliza swali moja: je, ile siku moja kwa mwezi ingegharimu kiasi gani? Tulimpa kama sadaka, na kwa kuchelewa, kitu ambacho alikuwa anakistahili mapema kama haki yake.

Hatuwezi kusema kwamba hatukujua mafundisho. Tulikuwa tumeyasoma seminarini na kuyafanyia mtihani.

Neno la Mungu na mafundisho ya Kanisa

Katika Injili ya Yohane tunasoma habari za mtu aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38 kando ya birika la Betzata. Yesu alipomuuliza kama anataka kupona, yeye hakulalamikia maumivu. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani maji yanapotibuliwa, na kwamba kila anapojaribu kwenda, mwingine humtangulia. Ndugu zangu, je, hiyo si sauti ya kibarua mgonjwa langoni penye ujenzi? Wenye nguvu humtangulia, naye hana mtu.

Tena katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, mwenye shamba alitoka hata saa ya kumi na moja, akakuta watu wamesimama sokoni kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Tujiulize: ni akina nani wanaobaki sokoni hadi jioni? Wenye misuli huchukuliwa alfajiri. Wanaobaki ni wazee, wachechemeao na wakohoao. Hao mwenye shamba aliwapa kazi, akawalipa ujira wa kuwatosha kwa siku. Waliomnung'unikia walikuwa na afya njema.

Kanisa limeifafanua Injili hiyo kwa maneno ya nyakati zetu. Papa Leo wa 13, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano kati ya mwajiri na mfanyakazi hayawi ya haki kwa sababu tu wote wawili wamekubali, kwa kuwa mwenye njaa hukubali lolote. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi, na kwamba mfanyakazi anastahili kupata matibabu kwa bei nafuu au hata bila malipo. Ni yeye pia aliyeianzisha Siku ya Wagonjwa Duniani, tunayoiadhimisha kila tarehe 11 Februari tangu mwaka 1993. Naye Papa Leo wa 14, alipochaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba alichagua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo wa 13 na waraka wake. Suala la wafanyakazi, basi, si jambo lililopitwa na wakati.

Sheria ya nchi inasemaje?

Wengi wetu tunadhani kwamba kibarua hana haki yoyote mbele ya sheria. Si kweli kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha mganga. Ni kweli kwamba aliyefanya kazi kwa muda usiofika miezi 6 hapati likizo yenye malipo. Hata hivyo sheria imeweka mlango ambao watu wengi hawaujui: mfanyakazi wa msimu hakutengwa, na yule aliyeajiriwa zaidi ya mara moja katika mwaka na mwajiri yule yule, jumla ya muda wake ikizidi miezi 6 katika mwaka huo, naye anastahili. Sheria hiyo inakataza pia ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu au virusi vya UKIMWI.

Mlango upo, lakini ufunguo wake ni kumbukumbu. Kibarua aliyerudi mara kumi kwa fundi yule yule hawezi kuthibitisha neno lolote kama hakuna mahali palipoandikwa siku zake. Hivyo tunamsihi kila kibarua awe na kijitabu kidogo aandike tarehe, mahali pa kazi na malipo. Na kila mwajiri Mkristo aandike vivyo hivyo bila kuogopa, maana asiyedhulumu haogopi daftari.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tunaipokea kwa shukrani na tunawahimiza waamini wajiunge na bima kadiri ya taratibu zake. Lakini tusijidanganye. Bima hulipia dawa. Hailipi siku ya kazi iliyopotea, wala haimtunzii mtu nafasi yake. Sehemu hiyo imeachwa kwa dhamiri zetu.

Hoja za waajiri

Tumewasikia mafundi na wakandarasi wadogo wakisema: nasi ni maskini, tutamlipaje asiyefanya kazi? Hoja hii ni ya kweli, wala hatuidharau. Fundi anayejenga nyumba ya vyumba vitatu hana mfuko wa kumlipa mgonjwa miezi mitatu. Lakini hatumwombi hilo. Tunamwomba amrudishe kazini kesho yake yule aliyekwenda kliniki jana. Kumtunzia mtu nafasi kwa siku moja hakugharimu hata shilingi. Tena fundi hupata faida, kwa kuwa mtu anayetunza afya yake haanguki juu ya jukwaa la ujenzi, na anayejua kazi hahitaji kufundishwa upya.

Wengine husema kwamba watu watasingizia ugonjwa. Wachache watasingizia, kama wachache wanavyosingizia misiba. Dawa yake ni kikaratasi cha kituo cha afya kinachothibitisha kwamba mtu alihudhuria siku hiyo. Inatosha. Jina la ugonjwa wake ni siri yake na mganga wake. Msimamizi hana haki ya kulidai, wala wenzake hawana haki ya kulijadili penye chakula.

Tufanye nini?

Kwanza, tuanzie nyumbani mwa Bwana. Kanisa ni mwajiri wa vibarua: wajenzi, wapishi, walinzi, wafyeka nyasi, wavunaji wa mashamba ya misheni. Tunapendekeza kwamba kila Halmashauri ya Walei iwe na daftari la vibarua wa parokia, na kanuni moja iliyoandikwa na kusomwa mbele yao siku ya kwanza ya kazi: anayekwenda kliniki hapotezi nafasi. Parokia yenye uwezo iwalipe pia siku hiyo. Isiyo na uwezo angalau itunze nafasi.

Pili, tugawe kazi kwa busara. Penye ujenzi zipo kazi za kubeba zege na zipo kazi za kuhesabu mifuko ya saruji. Mwenye presha asipandishwe juu ya ngazi ilhali kijana mzima ameketi stoo akipokea misumari.

Tatu, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zijifunze kushikiana nafasi. Tunajua kulimiana mashamba kwa zamu wakati wa msiba au uzazi. Kwa nini mwanajumuiya asiye na kazi asimshikie mgonjwa kibarua chake kwa siku moja, akachukua ujira wa siku hiyo, na kesho yake akamrudishia mwenyewe? Wote wawili watakuwa wamekula, na msimamizi hatakuwa amepungukiwa na mtu.

Nne, viongozi walei wapeleke ombi kwa wahusika wa vituo vyetu, kikiwamo Kituo cha Afya cha Mafiga, kuhusu saa na siku za kliniki. Kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao hali yao ni imara, utaratibu wa kupokea dawa za miezi kadhaa kwa mara moja ulikwisha kuanzishwa nchini, nao umewapunguzia safari. Tuombe kwamba wenye presha na kisukari waliotulia wafikiriwe vivyo hivyo, na kwamba Jumamosi au alasiri zitengwe kwa wafanyakazi inapowezekana. Tuombe kwa adabu, kwani wauguzi nao wamelemewa; lakini tuombe.

Ndugu wapendwa, yule mama wa ndoo bado yu hai. Hukaa kizingitini mwa nyumba ya binti yake, na tukipita hutusalimu kwa mkono wa kushoto. Hajawahi kutulaumu. Sisi tunalo neno lake moja tu, alilotuambia siku tulipompelekea Komunyo: kwamba hakutaka kupewa unga, alitaka kufika kliniki na kurudi. Tunaliandika hapa ili lisomwe katika kila Jumuiya, na ili parokia nyingine isingoje ndoo ianguke.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, atuombee.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu ni akina nani wanaoishi kwa vibarua huku wakitumia dawa kila siku? Je, tunawafahamu, au wanajificha hata mbele yetu?

2. Sisi wenyewe tumewahi kumwajiri mtu wa kufua, kulima au kujenga. Siku aliyougua tulimfanyia nini?

3. Kanuni ya kutunza nafasi ya anayekwenda kliniki ipo katika parokia yetu? Kama haipo, nani ataipeleka katika kikao kijacho cha Halmashauri ya Walei?

4. Tusome Yohane 5:1-9. Ni nani leo katika kata yetu asiye na mtu wa kumtia birikani?